Sherehe ya Somo na Mlango wa Jirani



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii viongozi wa jumuiya tatu za parokia yetu wamefika ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akiwa na karatasi yenye kichwa kilekile: Bajeti ya Sherehe ya Somo. Nimezisoma zote kwa makini. Turubai lipo, viti vipo, spika zipo, mshereheshaji yupo, keki ipo, sare za kitenge zipo. Nilipouliza ni nani wataalikwa, jibu lilikuwa moja: "Wanajumuiya, Baba Paroko, na wewe mwenyewe, na wazazi wa ubatizo." Nikauliza tena: na wale wa nyumba ya pili? Kimya. Nyumba ya pili wanakaa Waislamu, ya tatu Walutheri, na ya nne ni ile yenye geti jeusi ambayo hakuna anayejua wenyewe wanaitwa nani.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa msimu wa sherehe za masomo unakaribia, na kwa kuwa naamini namna tunavyoandaa karamu hueleza imani yetu waziwazi kuliko risala zinazosomwa humo.

Tukumbuke kwanza jumuiya hizi zilitoka wapi. Maaskofu wa AMECEA, umoja ulioundwa mwaka 1961, walikubaliana mwaka 1973 katika mkutano wao wa Nairobi kwamba maisha ya Kanisa katika ukanda wetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Ecclesia in Africa uliofuatia Sinodi ya mwaka 1994, akalieleza Kanisa la Afrika kuwa Familia ya Mungu, na akazitaja jumuiya hizi miongoni mwa mahali ambapo familia hiyo huonekana. Hapakusemwa kwamba jumuiya iwe chama cha kusali rozari na kukusanya michango. Jumuiya yetu haikuundwa kwa kuchagua marafiki. Imeundwa kwa mipaka ya ardhi: kutoka kisimani hadi barabara ya vumbi, kutoka mashine ya kusaga hadi mtaroni. Basi kama jumuiya ina mipaka ya ardhi, ina majirani, na majirani hao ni sehemu ya wito wake.

Serikali nayo ilikuwa na hekima inayofanana na hiyo. Miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi alijua nani ameugua, nani ana mgeni, na nani amegombana na mkewe. (Wengine walilalamika kwamba alijua kupita kiasi.) Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, ubalozi ule ulibaki kuwa wa chama, nao mtaa ukawa na mwenyekiti wake anayepigiwa kura. Sina nia ya kuomboleza mfumo ule. Nasema tu kwamba leo, hapa Dar es Salaam, mtu anaweza kukaa miaka sita katika nyumba ya kupanga bila mtu yeyote kuwa na wajibu wa kujua jina lake.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1999, katika wilaya ya 17 ya jiji la Paris, mtu aitwaye Atanase Périfan alianzisha siku ya majirani wa jengo moja kula pamoja, na desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi za Ulaya. Kilichomsukuma ni kwamba mama mmoja mzee alikutwa amekufa katika jengo lake, na alikuwa amekaa hivyo kwa muda mrefu bila jirani kugundua. Wengi wetu tukisikia habari hiyo husema, "Hao ni Wazungu." Mimi nimekwisha kuitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa katika chumba ambacho mpangaji wa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, hakuwa na habari kwamba mwenzake ana siku kumi hajainuka kitandani. Sina uhakika tena kwamba hao ni Wazungu.

Sasa nieleze kisa kilichonisukuma kuandika. Katika jumuiya moja, ambayo sitaitaja, kamati ya sherehe ya somo ilipanga kila familia ichangie shilingi elfu ishirini. Tarehe ilipokaribia, orodha ikasomwa baada ya sala: waliomaliza, waliopunguza, na ambao hawajatoa kitu. Mama mmoja, mjane mwenye watoto watatu, jina lake lilisomwa mara mbili, Jumamosi mbili mfululizo. Jumamosi ya tatu hakuja. Sherehe ikafanyika, nami nikaalikwa, nikapewa kiti chenye kitambaa cheupe. Sikujua kwamba kuna mtu amekosekana. Nilikuja kujua pale mwalimu wa katekisimu aliponiambia kwamba mtoto wa yule mama, aliyekuwa akijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, ameacha kuhudhuria mafundisho. Nilipofika nyumbani kwao, mama alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akanieleza bila hasira: "Baba, mimi sikuikimbia jumuiya. Nilikuwa naogopa tu kusomwa mara ya tatu."

Mtoto huyo hakusoma sala wala mafundisho kwa miezi minne, kwa sababu ya shilingi elfu ishirini za pilau na keki. Na ninyi mnajua kwamba habari haiishii hapo. Mtu asiyeonekana jumuiyani ataombwa barua ya mwenyekiti siku anapotaka ubatizo wa mtoto, na siku ya msiba majirani Wakristo watasimama mbali kidogo wakisema, "Hakuwa mwenzetu." Karamu iliyokusudiwa kumheshimu mtakatifu inaweza hivyo kuishia kumnyima mtu maziko yenye watu.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakaripia watu waliokuja kwenye meza ya Bwana kila mmoja na chakula chake, huyu akashiba na kulewa, yule akabaki na njaa na aibu yake. Na katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, manung'uniko ya kwanza ndani ya Kanisa la Yerusalemu yalihusu chakula: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tazameni Mitume walivyotenda. Hawakuwahubiria wajane uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo. Naam, walibadili mpango. Kwa hiyo ninapozungumza habari za sufuria na viti siachi kazi ya upadre.

Tuanze na michango. Siku hizi nawaomba viongozi wasiweke kiwango kimoja kwa familia zote, na wasisome orodha. Kamati ikae na mama wapishi, iandike vitu badala ya fedha. Wapishi wetu hukadiria kilo moja ya mchele wa pilau kwa watu wanane hivi. Watu mia mbili basi ni kilo ishirini na tano. Mchele huo ukigawanywa kilo mbili mbili ni familia kumi na mbili au kumi na tatu tu. Wengine walete vitunguu, wengine mafuta, wengine mizigo ya kuni, wengine madumu ya maji, mwenye toroli alete toroli, kijana fundi umeme aunganishe taa. Asiye na kitu mwezi huo asiulizwe. Na hapa niseme jambo moja ambalo nimelisisitiza mpaka viongozi wengine wamenichoka: msimpangie aliyekosa fedha kazi ya kuosha vyombo. Nimeona hilo mara nyingi. Waliotoa noti hukaa, waliotoa sarafu huosha masufuria, na kila mtu anaona wazi nani ni nani. Zamu ya vyombo ipigwe kwa kura, na mwenyekiti awemo ndani ya kikapu.

Hesabu ziandikwe na kusomwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Si kwa sababu mweka hazina ni mwizi, ila kwa sababu watu hurudi mahali ambapo hesabu husomwa.

Kuhusu tarehe, nimekuwa nikizishauri jumuiya zising'ang'anie siku yenyewe ya somo kana kwamba mtakatifu ataudhika. Ibada ya Misa ifanyike siku yake, karamu ya mtaa itafutiwe nafasi yake. Jumuiya yenye somo Mtakatifu Maria Goretti, 6 Julai, ina bahati, maana kesho yake ni Saba Saba na watu hawaendi kazini; wenye Mtakatifu Dominiko wana bahati zaidi, siku yao ni Nane Nane yenyewe; na wa Yosefu Mfanyakazi wanayo Mei Mosi. Wengine wachague Dominika alasiri. Jumamosi ni Sabato ya majirani zetu Wasabato. Mwezi wa Januari uepukwe, kila mzazi anahangaika na mahitaji ya shule. Aidha, angalieni kalenda ya Waislamu: mwezi wa Ramadhani hatuwezi kuweka karamu ya mchana mlangoni pa watu waliofunga na kuiita ujirani mwema. Chakula kikitolewa saa saba na nusu, baada ya sala ya Adhuhuri, na shughuli ikafungwa kabla ya Magharibi, hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya sala yake na sahani yetu.

Sasa nyama. Hapa nitakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo ujirani wetu unapopimwa. Mnakumbuka mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje ulivyomwaga damu, na mchungaji wa Kikristo akauawa. Watu waliokuwa wakinunua chumvi duka moja walifikia kuuana kwa sababu ya kisu na kitoweo. Tangu hapo wapo waamini wetu wanaoniambia: "Baba, kwa nini sisi ndio tunyenyekee? Mbona mbuzi ni wetu, fedha ni zetu, somo ni wetu?" Swali hilo ni halali, na sipendi kulijibu kwa kulipuuza. Mkristo hana katazo la kula nyama iliyochinjwa na Mkristo mwenzake, na hakuna mtu anayeweza kumlazimisha nyumbani mwake. Lakini sisi hapa tunazungumzia kumkaribisha mtu mezani. Ukimwalika mgeni ukampikia asichoweza kula, hujamwalika. Umemwita aje akutazame ukila. Paulo anaandika sura nzima, ya 14 ya Waraka kwa Warumi, kwamba chakula kisiwe sababu ya kumwangusha ndugu, na yeye mwenyewe alijua vema kwamba dhamiri yake iko huru. Kumwomba mzee wa Kiislamu wa mtaa achinje mbuzi wetu ni tendo la mtu huru. Mtumwa hufanya hivyo kwa hofu; mwenye nyumba hufanya kwa ukarimu, na mgeni hutambua tofauti.

Jumuiya moja ilikwenda hatua moja mbele, na wazo hilo lilitoka kwa mama mpishi, si kwangu. Alisema kwamba hata mbuzi akichinjwa sawasawa, jirani Mwislamu atakaa akijiuliza sufuria hii imewahi kupikiwa nini. Sote tunajua kitimoto inavyopendwa miongoni mwetu. Mashaka yake si ya bure. Akashauri waazime masufuria ya maulidi ya madrasa ya jirani. Viongozi wawili wakaenda kuomba, na mwalimu wa madrasa akawapa masufuria manne makubwa pamoja na pawa zake, kisha akauliza kwa utaratibu kama na vijana wake waje kusaidia kuyabeba. Waliyabeba. Na baada ya kuyabeba walibaki, wakamenya vitunguu pamoja na VIWAWA wetu mpaka usiku. Hotuba zangu zote juu ya Nostra Aetate, tamko la Mtaguso la tarehe 28 Oktoba 1965, hazijawahi kuwaweka vijana hao katika uwanja mmoja.

Kuhusu pombe, sitabishana na mtu: siku ya mtaa haipo. Wenye hamu watajua la kufanya siku nyingine.

Mialiko ipelekwe kwa miguu. Kundi la WhatsApp la jumuiya ni zuri kwa matangazo, lakini jirani hayumo humo, na bibi wa chumba cha uani hana simu ya aina hiyo. Waende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini na wawili, mlango kwa mlango, pamoja na ile nyumba yenye geti jeusi. Pale getini atatoka mlinzi au binti wa kazi. Mwalikeni na yeye, kwa jina lake, siyo tu mpeleke ujumbe kwa bosi. Mwaka jana mabosi hawakuja. Binti alikuja, na ikajulikana kwamba ni Mkatoliki kutoka jimbo la mbali, na kwamba alikuwa hajaingia kanisani tangu aletwe mjini kwa kuwa hakujua liko upande gani. Ni mita mia nne kutoka geti lile.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema, kwa sababu ya kibali cha spika na kwa sababu ya heshima. Akaribishwe kama jirani, asalimie watu, ale. Asipewe kipaza sauti kwa hotuba, wala diwani, wala mgombea yeyote. Tulipokuwa tukielekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, maombi ya "kuja kusalimia tu" yaliongezeka kwa namna ya kustaajabisha. Salamu hizo zote zilikuwa na urefu wa nusu saa.

Vilevile napendekeza siku ianze kwa kazi. Wenzetu wa Rwanda wana Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambapo watu hutoka kufanya kazi ya pamoja asubuhi na baadaye hukutana kuzungumza. Sisi tulikuwa na msaragambo wetu kabla ya kusahau. Mtaro unaofurika kila masika haubagui nyumba ya Mkristo na isiyo ya Mkristo, na saa mbili za kuuzibua pamoja, jembe kwa jembe, huwafanya watu wafike mezani wakiwa wamekwisha kuzoeana. Nimegundua pia kwamba wanaume wasiopenda kusimama na kujitambulisha mbele za watu hujitambulisha vizuri kabisa wakiwa mtaroni. Watoto waachiwe uwanja wao: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, rede. Wazee wapewe bao na kivuli. Mshereheshaji apunguziwe maneno.

Meza kuu, kwa maoni yangu, ifutwe. Najua hili ni gumu kwetu. Paroko hufichiwa paja la kuku mahali, naye akilikataa huonekana amewadharau wapishi; mimi nimejifunza kulipokea na kumpa mtoto aliye karibu. Lakini kuna meza nyingine ambayo naomba iwe kuu kwelikweli. Kabla mtu yeyote hajapakuliwa, sahani za kwanza zifunikwe na kupelekwa kwa wale wasioweza kuja: mgonjwa wa kiharusi, mama aliyejifungua, bibi wa uani. Zipelekwe na watoto wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wa jirani. Mnajua desturi ya pwani, kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Baada ya sherehe ya mwaka jana sahani zile ziliendelea kutembea kwa wiki mbili: moja ilirudi na maembe, nyingine na visheti, nyingine na mayai matatu. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, futari ilibishia hodi nyumba za wanajumuiya ambazo hazijawahi kuletewa futari.

Mtaniuliza habari za yule mama. Nilimwendea tena pamoja na mwenyekiti mpya wa jumuiya yake, mwanamke mwenye hekima, ambaye hakumpa pole wala mawaidha, alimwomba kazi. Mama huyu ndiye anayekaanga vitumbua pale kona ya kituo cha daladala, na hakuna anayemfikia. Akaombwa asimamie vitumbua vya watoto siku ya mtaa, jumuiya ikinunua mchele, nazi na mafuta. Alikubali, na alikuja, na mtoto wake sasa yumo darasani na wenzake.

Hata hivyo bado haji kwenye sala ya jumuiya. Mwenyekiti alipomuuliza, akajibu kwamba sala yetu ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na hiyo ndiyo saa ambayo watu wanataka vitumbua. Akifunga jiko saa hiyo, Jumamosi yake imekwisha. Kumbe hata kabla ya habari ya mchango alikuwa akija kwa kupoteza mauzo ya siku nzima, na hakuna aliyejua. Tulipouliza zaidi, tukakuta wanajumuiya wengine watano wenye biashara za asubuhi ambao tulikuwa tumewaandika "wavivu". Viongozi wamegawanyika: wazee wanataka alfajiri ibaki, maana ndivyo ilivyokuwa tangu jumuiya ilipozaliwa, na wengine wanapendekeza Jumatano jioni. Wameniomba mwezi mmoja wa kulifikiria, wakiahidi kwamba safari hii watawauliza na wale watano. Nimewapa mwezi huo.